Majaribio ya Tiba Hospitalini: Mambo ya Kujua Kabla ya Kutia Sahihi

Mzazi anafika katika hospitali kubwa ya jiji akiwa amembeba mtoto mwenye homa kali. Mtoto anapimwa na kuanzishiwa matibabu. Muda mfupi baadaye, mhudumu wa utafiti anamkaribia mzazi akiwa na karatasi kadhaa mkononi. Anamweleza kwamba hospitalini kuna utafiti unaolinganisha njia mbili za kutibu ugonjwa huo, na kwamba mtoto wake anaweza kushirikishwa akiridhia. Mwisho wa karatasi kuna nafasi ya kutia sahihi au kuweka kidole gumba.

Wazazi wengi wakifika hapo huwa na maswali ambayo hawayatamki. Je, mtoto anataka kufanywa kama panya wa maabara? Mzazi akikataa, mtoto atahudumiwa? Na kama daktari ni daktari, kwa nini asitoe tu dawa iliyo bora? Somo hili linayajibu maswali hayo, ili mkazi atakayejikuta mbele ya karatasi hizo aamue kwa kuelewa, si kwa woga wala kwa kuwaonea haya wahudumu.

Kwa nini daktari hufanya utafiti

Matibabu ya kawaida na utafiti ni mambo mawili tofauti, hata kama yanafanyika katika wodi moja. Katika matibabu ya kawaida, daktari humpa mgonjwa kile kinachojulikana kumfaa. Katika utafiti, daktari anatafuta jibu ambalo bado hana, kwa faida ya wagonjwa watakaokuja baadaye. Mgonjwa aliye ndani ya utafiti anaweza kunufaika, lakini hakuna anayeweza kumhakikishia hilo.

Jaribio la tiba ni halali tu pale ambapo wataalamu kwa dhati hawajui ni njia ipi iliyo bora kati ya zile zinazolinganishwa. Kama jibu linajulikana, basi kumnyima mgonjwa tiba bora ili kufanya utafiti ni kosa. Hapo ndipo mkazi huuliza: inawezekanaje madaktari wasijue, ilhali wametibu ugonjwa huo kwa miaka mingi? Mfano mmoja kutoka Afrika Mashariki unaonyesha vizuri jinsi hilo linavyowezekana.

Funzo la dripu

Kwa muda mrefu, mtoto aliyeletwa hospitalini akiwa na homa kali, mikono na miguu ya baridi, na moyo unaopiga mbio, alihesabiwa kuwa mzunguko wake wa damu umedhoofika. Miongozo ya tiba ilielekeza apewe maji mengi ya dripu kwa haraka. Jambo hilo lilionekana wazi: damu haizunguki vizuri, basi ongeza maji mwilini. Lakini njia hiyo haikuwa imewahi kupimwa ipasavyo kwa watoto wanaolazwa katika hospitali za Afrika, ambako wengi huugua malaria na upungufu wa damu, na ambako mashine za kusaidia kupumua ni adimu.

Mnamo Januari 2009 ulianza utafiti uliojulikana kama FEAST katika hospitali sita: Kilifi hapa Kenya; Mulago jijini Kampala, Mbale, Soroti na Lacor nchini Uganda; na Teule huko Muheza, Tanzania. Watoto waligawanywa katika makundi matatu. Kundi la kwanza lilipewa dripu ya haraka ya maji ya chumvi. La pili lilipewa dripu ya haraka yenye albumini, ambayo ni protini itokanayo na damu. Kundi la tatu halikupewa dripu ya haraka, bali maji ya kiasi yaliyoingizwa polepole. Makundi yote matatu yalipata huduma nyingine zote zilizohitajika, zikiwemo dawa za kuua bakteria, dawa za malaria, oksijeni na kuongezewa damu.

Kwa kuangalia kwa macho, mtu angesema kundi la tatu limepunjwa. Saa moja baada ya kuanza tiba, dalili za mzunguko hafifu wa damu zilikuwa zimeondoka kwa watoto wengi zaidi katika makundi ya dripu ya haraka. Mikono ilipata joto, na mzazi aliona nafuu. Hata daktari mzoefu angetoka wodini akiamini kwamba dripu imefanya kazi.

Hesabu za siku mbili zilisema vingine. Baada ya saa 48, watoto waliokuwa wamefariki katika makundi mawili ya dripu ya haraka walikuwa asilimia 10.6 na 10.5. Katika kundi la tatu walikuwa asilimia 7.3. Kwa maneno mengine, kati ya kila watoto 100 waliopewa dripu ya haraka, walifariki watatu zaidi kuliko wale ambao hawakupewa. Utafiti ulikuwa umepangwa kushirikisha watoto 3,600. Ulisimamishwa Januari 2011 baada ya kufikisha watoto 3,141, kwa sababu kamati huru ya usalama iliona kwamba jibu limeshapatikana na hapakuwa na sababu ya kuendelea.

Mwaka 2016, Shirika la Afya Duniani, WHO, lilitoa mwongozo mpya wa huduma ya dharura kwa watoto. Mwongozo huo unasema kwamba mtoto mwenye dalili moja au mbili tu za mzunguko hafifu wa damu, ambaye hajafikia hali kamili ya mshtuko, asipewe maji kwa haraka.

Tahadhari ni muhimu hapa. Watoto wenye kuhara na kutapika, na wale wenye utapiamlo mkali, hawakuwa sehemu ya matokeo hayo. Mtoto anayeharisha bado anahitaji maji ya chumvi na sukari, ORS, na akiishiwa maji mwilini dripu huokoa maisha yake. Mzazi asiikatae dripu iliyoagizwa na daktari kwa kusoma habari hii. Funzo lililopo ni jingine: jambo lililoaminiwa na wengi, na ambalo macho yalilithibitisha, liligunduliwa kuwa na madhara kwa sababu tu lilipimwa. Na lilipimwa kwa sababu wazazi, wakiwa katika saa ngumu kuliko zote, walikubali watoto wao washiriki.

Jinsi jaribio linavyoendeshwa

Katika majaribio mengi, mgonjwa hupangwa katika kundi kwa bahati, kama mtu anayepiga kura ya karatasi zilizokunjwa. Daktari hachagui, na mgonjwa hachagui. Sababu yake ni rahisi. Kama daktari angechagua, pengine angewapa dawa mpya wagonjwa wenye nguvu zaidi, kisha dawa hiyo ingeonekana nzuri kuliko ilivyo. Kura huyafanya makundi yafanane tangu mwanzo, ili tofauti itakayoonekana mwishoni itokane na tiba yenyewe.

Wakati mwingine kundi moja hupewa kidonge au sindano isiyo na dawa ndani yake, na mara nyingi wala mgonjwa wala daktari hajui nani amepewa nini hadi mwisho. Hili linaruhusiwa pale ambapo kufanya hivyo hakumwachi mgonjwa bila tiba inayojulikana kumsaidia. Fomu ya ridhaa lazima ilieleze jambo hilo waziwazi.

Dawa mpya hupita hatua kadhaa. Hatua ya kwanza hushirikisha watu wachache, mara nyingi wenye afya njema, ili kuangalia usalama na kiasi cha dawa kinachofaa. Ya pili hushirikisha watu wengi zaidi, hata mamia. Ya tatu hulinganisha dawa hiyo na iliyopo, na inaweza kuhitaji maelfu ya watu. Ya nne hufuatilia dawa baada ya kuidhinishwa na kuanza kutumika, kwa kuwa madhara mengine huonekana tu inapotumiwa na watu wengi. Mkazi anayeombwa kushiriki ana haki ya kuambiwa utafiti uko katika hatua gani.

Hapa Kenya, jaribio la dawa haliwezi kuanza kwa uamuzi wa daktari mmoja. Lazima kwanza lipitiwe na kamati ya maadili ya utafiti iliyotambuliwa na Tume ya Kitaifa ya Sayansi, Teknolojia na Uvumbuzi, NACOSTI. Bodi ya Dawa na Sumu nayo hutoa kibali kwa majaribio ya dawa na chanjo. Baada ya hapo, kamati huru ya usalama huyakagua matokeo mara kwa mara utafiti ukiendelea, kama ilivyofanyika katika utafiti wa dripu.

Jaribio linaweza pia kusimamishwa mapema kwa habari njema. Jijini Kisumu, utafiti ulioanza mwaka 2002 uliwashirikisha wanaume 2,784 wa umri wa miaka 18 hadi 24, ili kujua kama tohara hupunguza hatari ya mwanamume kuambukizwa virusi vya Ukimwi. Desemba 2006 ulisimamishwa kabla ya wakati, baada ya kuonekana kwamba maambukizi kwa waliotahiriwa yalikuwa karibu nusu ya yale ya wenzao. Wanaume wa kundi la pili nao wakapewa nafasi ya kutahiriwa.

Matunda yaliyofika zahanati

Mgonjwa wa kifua kikuu anayepewa dawa za miezi sita leo anafaidi kazi iliyofanywa na wagonjwa wa Afrika Mashariki zaidi ya nusu karne iliyopita. Zamani tiba hiyo ilichukua mwaka mmoja na nusu au zaidi, na wengi waliiacha njiani. Majaribio yaliyofanywa katika hospitali za eneo hili kwa ushirikiano na Baraza la Utafiti wa Tiba la Uingereza, ambayo matokeo yake ya kwanza yalitolewa mwaka 1972, yalionyesha kwamba dawa zikiunganishwa vizuri, miezi sita inatosha.

Mfano wa karibu zaidi ni chanjo ya HPV, inayozuia saratani ya mlango wa kizazi. Awali ilitolewa kwa dozi tatu, kisha mbili. Utafiti wa KEN SHE uliwashirikisha wasichana na wanawake 2,275 wa umri wa miaka 15 hadi 20 katika vituo vya Nairobi, Thika na Kisumu. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2022 yalionyesha kwamba katika miezi 18, dozi moja ilizuia kwa takriban asilimia 97 maambukizi ya aina mbili za virusi zinazosababisha saratani hiyo kwa wingi. Mwaka huo huo WHO ilikubali dozi moja itumike kwa wasichana na wanawake wachanga. Kwa familia, hilo lina maana ya safari moja ya kliniki badala ya tatu.

Kwa nini masharti ni makali

Hofu ya wananchi kuhusu utafiti haikuzuka bure. Kuanzia 1932 hadi 1972 huko Tuskegee, katika jimbo la Alabama nchini Marekani, idara ya serikali ya afya iliwafuatilia wanaume weusi wapatao 600, ambao 399 kati yao walikuwa na kaswende. Hawakuambiwa ukweli kuhusu utafiti huo. Hata penisilini ilipojulikana kuwa tiba ya kaswende katika miaka ya 1940, hawakupewa, ili ugonjwa uendelee kuchunguzwa. Baadhi yao walikufa kwa ugonjwa uliokuwa na dawa.

Ni kwa sababu ya maovu ya namna hiyo ndipo dunia ikaweka masharti. Azimio la Helsinki, lililopitishwa na Chama cha Madaktari Duniani mwaka 1964 na kurekebishwa mara kadhaa, linaweka maslahi ya mshiriki mbele ya maslahi ya sayansi. Hapa nchini, Sheria ya Afya ya 2017 inatambua haki ya mgonjwa kuelezwa na kuridhia kabla ya kuhudumiwa, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inalinda taarifa zake.

Haki za anayeombwa kushiriki

Haki ya kukataa. Kushiriki ni hiari. Anayekataa hapaswi kunyimwa matibabu ya kawaida, kucheleweshwa wala kukaripiwa.

Haki ya kujitoa. Aliyekubali anaweza kubadili nia wakati wowote, bila adhabu. Ni vyema amjulishe daktari kabla ya kuacha dawa, kwa usalama wake mwenyewe.

Haki ya kuelewa. Maelezo yatolewe kwa lugha anayoifahamu, iwe Kiswahili au lugha ya nyumbani. Asiyejua kusoma asomewe fomu mbele ya shahidi asiye wa kikundi cha utafiti, kabla ya kuweka kidole gumba. Fomu isiyoeleweka haifai kutiwa sahihi.

Haki ya mtoto. Aliye chini ya miaka 18 huridhiwa na mzazi au mlezi. Mtoto mwenye umri wa kuelewa naye huulizwa, na jibu lake huheshimiwa.

Haki ya kutunziwa siri. Jina la mshiriki halitajwi katika matokeo, na taarifa zake hutambuliwa kwa namba.

Haki ya kutibiwa akidhurika. Fomu ieleze ni nani atakayegharamia matibabu iwapo dawa ya utafiti itamletea madhara.

Kuhusu fedha, mshiriki anaweza kurudishiwa nauli na kufidiwa muda wake. Hiyo si bei ya mwili wake, na haipaswi kuwa kubwa kiasi cha kumfanya afumbie macho hatari. Upande mwingine, mtu yeyote anayemtaka mgonjwa alipe ili aingizwe katika utafiti anapaswa kutiliwa shaka na kuripotiwa kwa wasimamizi wa hospitali.

Suala la damu

Hakuna jambo linalozua uvumi kama damu. Hadithi za mumiani zimekuwepo tangu enzi za mababu, na mhudumu mwenye sindano na chupa ndogo huzifufua kwa urahisi. Dawa ya uvumi ni maelezo. Mshiriki ana haki ya kuuliza damu kiasi gani itachukuliwa, mara ngapi, itapimwa nini, itapelekwa wapi na itahifadhiwa kwa muda gani. Kiasi hicho hueleweka zaidi kikitajwa kwa vijiko: kijiko kimoja cha chai ni takriban mililita 5. Kama sampuli itatumika baadaye katika utafiti mwingine au kupelekwa nje ya nchi, fomu iseme hivyo, na mshiriki aulizwe.

Maswali kumi ya kuuliza kabla ya kutia sahihi

1. Utafiti huu unatafuta jibu gani ambalo halijulikani?
2. Nisiposhiriki, nitapata matibabu gani?
3. Nitapangwaje katika kundi, na je, kuna kundi lisilopewa dawa?
4. Dawa hii imeshajaribiwa kwa watu wangapi, na iko hatua gani?
5. Madhara yanayojulikana ni yapi?
6. Nitachukuliwa damu kiasi gani, na itafanyiwa nini?
7. Nitatakiwa kuja mara ngapi, na nauli nitarudishiwa?
8. Nikidhurika, nani atanitibu na kwa gharama ya nani?
9. Utafiti ukiisha na dawa ikionekana nzuri, nitaendelea kuipata?
10. Ni kamati gani ya maadili iliyouidhinisha, na simu yake ni ipi?

Mhudumu mwadilifu hakasirishwi na maswali haya. Ni kazi yake kuyajibu, hata yakirudiwa mara tatu. Hali ikiruhusu, anayeombwa anaweza kwenda na fomu nyumbani, akashauriana na mwenzi wake, wazee au mhudumu wa afya ya jamii wa kijijini kwake, kisha arudi na jibu. Katika dharura nafasi hiyo huwa finyu. Katika utafiti wa dripu, kamati za maadili ziliruhusu mzazi aliyekuwa katika dharura aulizwe kwanza kwa mdomo, kisha aelezwe kikamilifu na kutia sahihi hali ya mtoto ilipotulia.

Baada ya kutia sahihi, mshiriki apewe nakala ya fomu na aihifadhi pamoja na kadi ya kliniki. Humo mna namba ya simu ya mtafiti na ya kamati ya maadili. Mwenye malalamiko anaweza kupiga simu kwa kamati hiyo moja kwa moja, bila kupitia kwa mtafiti. Anaweza pia kufika katika ofisi ya usimamizi wa hospitali, au kuripoti madhara ya dawa kwa Bodi ya Dawa na Sumu.

Mzazi aliyetajwa mwanzoni bado ameshika karatasi zake. Anaweza kusema ndiyo, na pengine siku moja jibu litakalopatikana litabadilisha jinsi watoto wanavyotibiwa. Anaweza kusema la, na mtoto wake atibiwe kama watoto wengine wodini. Majibu yote mawili ni sahihi, mradi ameelezwa, ameelewa, na ameamua mwenyewe.